Kiti cha Karibu na Mlango

Katika chumba cha kulia cha Kijapani, kiti cha heshima ni kile kilicho mbali kabisa na mlango. Hapo huketi mzee wa ukoo, au mgeni aliyetoka mbali kuliko wote. Mwenye karamu hukaa upande wa pili, mlangoni, penye upepo na penye kupitishwa sahani, kwa kuwa ndiye atakayemwita mhudumu, ndiye atakayeangalia bilauri zilizokauka, na ndiye atakayenyanyuka kwenda kulipa bila kumsogeza mtu. Kwetu Tanga mwenyeji hujulikana kwa sauti: kula bwana, mbona unaonjaonja, ongeza mchuzi. Fukuoka, nilikoolewa, mwenyeji mzuri ni yule ambaye wageni wakisharudi makwao ndipo wanakumbuka kwamba hawakumwona akila. Nimekikalia kiti hicho mara kadhaa, jamaa za mume wangu wanapokusanyika Agosti, na karamu yenyewe haikuwa nyumbani bali katika izakaya ya samaki, jambo ambalo mama yangu mzazi hadi leo halijamwingia akilini. Watu wa ukoo mmoja, wana nyumba, wana jiko, wakutane baa?

Nimjibu nini? Naanzia kwenye Obon. Ni siku za katikati ya Agosti ambazo marehemu hurudi kuwatembelea watu wao, na walio hai nao hurudi kwao ili wawapokee. Treni ya kasi kutoka Tokyo hadi kituo cha Hakata, jijini Fukuoka, huchukua takribani saa 5, na viti vya siku hizo huisha mapema. Wanaokuja kwa ndege wana nafuu, maana uwanja wa ndege wa Fukuoka uko vituo viwili tu vya treni ya chini ya ardhi kutoka Hakata. Wanafika wamechoka, mikononi wana masanduku ya vitafunio vya zawadi. Makaburi yanasafishwa, ubani unawashwa, kuhani wa Kibudha anakuja kusoma sutra. Kisha jua linatua, na watu ni wengi, na wana njaa.

Zamani jambo hilo halikuwa na mjadala: mke wa mtoto mkubwa wa kiume atapika. Wanaume walikaa chumba cha mbele na bia zao, mlango wa kusukuma ulifunguka kidogo, mkono ukapitisha sahani, mlango ukafungwa. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi, kwani masinia yetu nayo huonekana kana kwamba yamefika ukumbini kwa miguu yao. Mama mkwe wangu aliolewa na mtoto mkubwa. Obon zake zote za ujana, na za utu uzima, na nyingi za uzee, alizipitisha nyuma ya mlango ule.

Siku hizi familia nyingi hupiga simu izakaya. Ni baa, lakini ni baa ya kula: sahani ndogondogo zinakuja moja baada ya nyingine, zinawekwa katikati, kila mtu anachota. Asili yake ni maduka ya sake ya mji wa Edo, ambao leo ndio Tokyo, pale wanunuzi walipoanza kunywea papo hapo dukani badala ya kubeba chupa. Duka la Toshimaya, lililofunguliwa mtaa wa Kanda mwaka 1596, hutajwa sana katika habari hizi kwa sababu ya sake yake ya bei nafuu na tofu ya kuchoma iliyopakwa miso. Edo ulikuwa mji wa wanaume. Hesabu ya watu wa kawaida ya mwaka 1721 iliwakuta wanaume zaidi ya 300,000 na wanawake wasiofika 200,000: maseremala, wachukuzi, vibarua waliotoka mashambani, wengi wao hawana mke wala mtu wa kuwapikia. Baa hizi zilikuwa jiko la asiye na jiko. Sasa wanaingia bibi, wajukuu na kitoto cha kunyonya, wanavua viatu, wanavifungia katika kabati lenye funguo za vibao vya mbao, na hakuna anayeshangaa. Sheria iliyoanza kutumika kikamilifu Aprili 2020, iliyozuia uvutaji wa sigara ndani ya migahawa mingi, imesaidia pia. Kabla ya hapo mtoto alitoka izakaya akinuka kama babu yake.

Kazi ya mwenyeji huanza kwenye simu. Watu wangapi, watoto wangapi, wa umri gani. Chumba kiwe cha faragha, cha mikeka ya tatami, lakini kiwe na lile tundu chini ya meza ambamo miguu inashuka, maana magoti ya mama mkwe hayakubali tena kukunjwa. Halafu swali la ngisi: atakuwapo? Agosti ni majira ya tufani, na bahari ikichafuka mashua hazitoki, tangi linabaki maji matupu. Juu ya hayo, masoko ya jumla ya samaki nayo hupumzika katika siku za Obon, kwa hiyo nchi nzima inataka samaki wabichi siku zile zile wanapopatikana kwa shida. Shemeji yangu, ambaye ana maoni kuhusu kila kitu kinachoogelea, hushikilia kwamba tukutane tarehe 13 jioni, siku ya kuwapokea marehemu, tusingoje tarehe 15 tukaletewa mabaki yaliyopangwa vizuri. Kwa hilo namuunga mkono.

Swali la mwisho kwenye simu ni la vinywaji. Mara nyingi unalipa bei moja kwa kila mtu, mnakunywa mnachotaka kwa saa mbili, na nusu saa kabla ya muda kwisha mhudumu anakuja kuuliza oda ya mwisho. Asiyekunywa, kama mimi, anaagiza chai baridi ya oolong kila raundi na kulipia bei ya walevi, au anapiga hesabu na kukataa mpango huo. Ila kuna jambo moja ambalo Fukuoka hawalifanyii mzaha: nani anaendesha gari. Agosti 2006, kwenye daraja la Umi no Nakamichi, mfanyakazi wa manispaa aliyekuwa amelewa aliligonga kwa nyuma gari la familia likatumbukia baharini, na watoto watatu wa nyumba moja wakafa. Mwaka uliofuata sheria ilikazwa, ikawabana hata anayemtilia dereva pombe na anayekubali kupanda gari lake. Kwa hiyo mhudumu anapouliza, kwa adabu zote, kama kuna dereva mezani, watu wanajibu kwa sauti za watu waliokaa msikitini.

Mkishaketi, huletwa kibakuli ambacho hamkukiagiza: mwani uliotiwa siki, au kipande cha samaki kilichochemshwa kwa tangawizi. Kinaitwa otoshi, na kwenye bili kitaonekana, yeni 300 au 500 kwa kila kichwa. Wageni wa nje hukilalamikia kama wizi. Mimi nakitetea. Watu ambao hawajaonana mwaka mzima, wameketi mkabala, mikono wameshapangusa kwa vitaulo vya moto, hawajui waanze wapi. Kile kibakuli kinawapa cha kutazama. Mtu anauliza huu ni mwani gani. Mwingine anasema mbona ni mchachu. Basi, karamu imeanza.

Mwaka ule wa Obon ya kwanza baada ya mazishi ya baba mkwe, ilibidi tuanze kwa namna nyingine. Katika mkutano wa kumkumbuka marehemu bilauri hazigonganishwi. Zinainuliwa kidogo tu, linatamkwa neno kenpai badala ya kanpai, na watu wanakunywa kimya. Mbele ya nafasi yake tuliweka bilauri ya bia, imejaa, na povu juu. Ilikaa pale mpaka povu likaisha, na shemeji akaitazama weee, mwishoni akasema baba hakupenda bia iliyopata moto, akainywa. Shangazi mmoja alimkazia macho. Mama mkwe alicheka.

Lakini nimeruka jambo la viti. Kile cha mbali na mlango kilikuwa cha baba mkwe. Sasa kilikuwa kitupu, na kwa utaratibu wowote ule kilikuwa cha mama mkwe. Akakataa. Akaja kukaa karibu yangu, mlangoni, akaanza kupanga vijiti vya kulia na kuzigeuza bilauri. Wahudumu walikuwa tayari wamezipanga. Alikuwa anazipanga upya, nusu inchi huku, nusu inchi kule, kwa mikono ambayo kwa maisha yake yote ilikuwa haijawahi kukaa bure wakati wengine wanasubiri kula. Binti yake, wifi yangu, alimshika bega akamwambia mama, hapa hakuna jiko. Mama mkwe alizungusha macho chumba kizima kama anayehakikisha.

Na ngisi akaja. Izakaya za Fukuoka hujisifu kwa ngisi wa Yobuko, bandari ndogo ya Karatsu katika mkoa jirani wa Saga, nao hutunzwa hai katika matangi ya maji ya bahari. Anavuliwa kwa wavu mdogo, na muda si muda yuko mezani, amekatwa nyuzi nyembamba na kurudishwa katika umbo lake, na nyama yake ni ya kupenya macho: waona nakshi za sahani kupitia kwake. Mikono yake bado inajinyonganyonga. Wajukuu wa Tokyo hujigawa makundi mawili, wanaopiga kelele na wanaopiga picha. Inabidi kula haraka, maana uwazi ule haudumu; nyama inaanza kugeuka nyeupe kama maziwa mbele ya macho yenu, na wazee wanahesabu kuwa kuchelewa ni kumkosea ngisi. Ukimtafuna anakatika kwa mlio mdogo, kisha unakuja utamu ambao hukuutegemea kwa kitu kisichopikwa. Mimi niliyezaliwa na kukulia kwenye ngisi wa nazi nilidhani nitaumeza mtihani ule kwa subira. Siku hizi nikiona sahani imepelekwa upande wa wajomba kwanza, nanuna.

Vikiisha vile vyembamba, mhudumu huichukua sahani na kuuliza mabaki yafanyweje: mapezi na mikono yakaangwe tempura, au yachomwe kwa chumvi? Hapo kuna kura. Na katikati ya kura hiyo, na katikati ya kusubiri ngisi arudi amekaangwa, ndipo yanaposemwa mambo ambayo watu walisafiri saa 5 kuyasema. Nimeliona hili mara nyingi mno kuliita bahati. Nyumbani, chakula chote kikiwa kimeshatandazwa, jamaa hujikuta wameulizana habari za kazi, wamesema mtoto amerefuka, kisha mtu anawasha televisheni. Izakaya haitandazi. Sahani moja ikija mazungumzo yanakatika, ikiondoka yanaanza upya mahali pengine, na mtu mwenye neno zito anaweza kulipenyeza pale pengo linapotokea, huku macho ya wote yako kwa samaki wa kuchoma aitwaye tai. Wifi yangu alitutangazia talaka yake hivyo, baina ya ngisi mbichi na ngisi wa tempura. Hakuna aliyelazimika kujibu mara moja. Tempura ilikuja, tukaanza kugawana limau, na shangazi akamwekea yeye kwanza.

Si kwamba samaki ni kisingizio tu. Ukoo huu unajisoma katika samaki. Sosi ya soya ya Kyushu, kisiwa ilipo Fukuoka, ni tamu, na mtoto aliyelelewa Tokyo anaichovya, anasita, anauliza kama ipo ya kawaida. Meza nzima inajua papo hapo nani amekuwa mtu wa kule. Sashimi ya buri, jamaa wa kolekole, Agosti haina mafuta, msimu wake ni baridi, na mjomba hawezi kuisema habari hiyo bila kufika kwenye desturi ya Hakata ya mwisho wa mwaka, ambapo nyumba ya bwana harusi humpelekea mama wa bibi harusi buri mzima kumwambia kwamba binti yake ni mke mwema. Buri wangu asingeweza kufika Tanga. Walimnunua hata hivyo, wakampiga picha, picha ikatumwa kwa simu, na samaki wakamla wenyewe. Mama yangu alituma jibu moja: vipi, hawana friji? Na pweza akiletwa, mjomba huyo huyo huniuliza kama ni ndugu yangu, kwa kuwa amesoma, na ni kweli, kwamba pweza wengi wanaoliwa Japani hutoka Mauritania na Morocco. Nimemweleza kwamba kutoka kwetu hadi Mauritania ni bara zima. Nimemweleza pia kwamba soko la samaki la Magogoni, Dar es Salaam, lilijengwa kwa msaada wa serikali yake. Hilo lilimfurahisha kupita kiasi, akataka tulinywee.

Watoto nao wana mapendekezo yao: wanataka Zauo, migahawa yenye asili ya Fukuoka ambako meza ziko juu ya mashua ya mbao, samaki wanaogelea chini yake, na unayemvua kwa ndoana yako unamlipia kwa bei nafuu kuliko wa kuagiza, huku wahudumu wakipiga ngoma kukushangilia. Ni raha tupu. Ila kwa usiku wenye maneno ya kusemwa, nachagua chumba kisicho na ngoma.

Yupo atakayesema kwamba huku ni kukwepa. Kwamba kumpeleka mzazi kwenye nyumba ya biashara, akahudumiwa na vijana wa kulipwa kwa saa, ni kununua kile ambacho tungepaswa kukitoa. Hoja hiyo haina wakili bora kuliko filamu ya Ozu Yasujiro, Hadithi ya Tokyo, ya mwaka 1953. Wazee wawili wanatoka Onomichi kuja kuwaona watoto wao, watoto wana kazi nyingi, basi wanachangishana pesa na kuwapeleka wazazi Atami, kwenye nyumba ya wageni ya pwani iliyojaa kelele za vijana wanaokesha. Kwa watoto hesabu imekaa vizuri: wazazi wanaona bahari, na ni nafuu kuliko kuwahudumia nyumbani. Wazee hawalali. Wakirudi mapema, nyumbani kwa binti yao hakuna nafasi, na baba anaishia kunywa na marafiki wa zamani mpaka usiku wa manane. Kila ninapopiga simu ya kuweka chumba, Atami iko mahali fulani nyuma ya sauti yangu.

Tofauti, kama ipo, naiona katika swali la nani anaketi. Watoto wa filamu ile waliwalipia wazazi waende, wenyewe wakabaki. Sisi tunakwenda wote, na wanaoketi ni pamoja na wale ambao nyumbani wasingeketi. Mwaka mmoja, samaki wakiwa wamepungua na wazee wakiwa wamehamia kwenye pombe kali ya shochu iliyotiwa maji moto, mjomba alianza kisa cha jinsi yeye na baba mkwe walivyoiba boti ya jirani walipokuwa vijana, wakaenda kuvua, wakaishiwa mafuta. Ukoo mzima unakijua kisa hiki. Nimekisikia mimi, mgeni wa juzi. Mama mkwe alisikiliza kwa makini, akacheka mahali pake, na kisa kilipofika mwisho, wapi walipookotwa na nani alipigwa, akauliza: kumbe ndivyo ilivyokwisha? Meza ikanyamaza. Kisa kilikuwa kikisimuliwa kila Obon katika sebule yake mwenyewe, kwa miaka yote ya ndoa yake. Alikuwa amesikia mianzo tu, mlango ulipofunguliwa kupitisha sahani.

Sijui kama kuna hasara ya izakaya inayoweza kusimama mbele ya hilo. Hasara zipo. Saa mbili ni chache, na mhudumu anayekuja na tabasamu kuuliza oda ya mwisho amewahi kumkata mtu katikati ya sentensi ambayo hakuirudia. Mapishi ya mama mkwe, tambi za udon na mchuzi wa samaki wadogo warukao, yanaanza kusahauliwa, kwa kuwa hakuna anayesimama karibu naye kuyaona. Wifi anasema tumpe jiko siku moja na sisi tusimame naye, wanaume wakiwemo. Shemeji amekubali, kwa sharti kwamba asikate vitunguu.

Mwishoni hubaki kipande kimoja. Kila sahani ya Kijapani ya kugawana ina kipande hicho cha mwisho ambacho kila mtu anakitaka na hakuna anayekigusa. Kinasukumwa huku na huku kwa maneno, wewe kula, la wewe, mimi nimeshiba. Mhudumu naye hawezi kuiondoa sahani ikiwa na kitu. Kazi ya kiti cha mlangoni ni kuuamua mgogoro huo bila kuonekana umeamua. Mimi nimeshaacha hila za Kijapani. Nakichukua, nakiweka katika sahani ya mama mkwe, na kusema kwetu ndivyo tunavyofanya. Kwa kuwa hakuna anayeijua Tanga, hakuna anayeweza kupinga.

Kulipa ni vita vya wanawake. Nilidhani nimevimaliza mapema kwa kujifanya naenda msalani, nikakuta shangazi yuko kaunta tayari, pochi wazi, na nyuma yake shangazi wa pili akimvuta mkono. Tulisukumana pale kwa adabu na kuinamiana, mpaka kijana wa kaunta akatazama pembeni. Nilishinda. Kufika nje nikakuta noti imeshindiliwa katika mfuko wa mwanangu.

Barabarani vijana waliagana nasi kwenda kwenye vibanda vya mtaani kula ramen, kana kwamba hawakuwa wamekula. Wazee walisubiri teksi, na mjomba alikuwa bado anadai kwamba ngisi wa mwaka huu hakuwa kitu, kwamba anayetaka kumjua ngisi amfuate Yobuko kwenyewe, akamle akitazama bandari. Mwakani twendeni, akasema, wote, tukodi basi dogo. Wakapatana hapo hapo. Shangazi akauliza swali la maana: kama wote watakunywa, nani ataendesha? Mama mkwe hakusita hata kidogo. Alininyooshea kidole.

— Huyu hapa. Si anakunywa chai?

Nimeanza masomo ya leseni ya mabasi madogo.